Wahojiwa Arobaini wa Jumapili

Jumapili, 3 Mei

Kazi ya somo la sera za umma inatakiwa kesho asubuhi. Mada: foleni ya dirisha la usajili pale chuoni. Wahojiwa arobaini, dodoso moja kila mmoja, halafu pendekezo la sera. Tulipewa wiki tatu. Juzi nilikwenda nikasimama juani dakika kumi nzima. Wa kwanza akauliza kama kuna soda. Wa pili akataka kujua dodoso la mwaka jana lilimsaidia nani. Nikaondoka zangu. Mtafiti naye ana heshima zake.

Leo nimemalizia kazi nyumbani, juu ya meza ya dada ya kukatia vitambaa. Kalamu nne: nyeusi mbili, ya bluu, na ile ya kijani inayovuja. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimewapata wote arobaini. Wa kumi na saba ni mkorofi, hapendi kuulizwa umri. Wa ishirini na tatu nimempenda sana, mama wa watoto wanne anayesoma jioni. Kila karatasi nimeandika tarehe ya leo, maana mhadhiri alisisitiza tangu kipindi cha kwanza kwamba tarehe ya dodoso haidanganywi. Kwenye hilo sina mchezo.

Pendekezo langu: Fomu ya Awali. Mtu asikanyage foleni mpaka awe na fomu yenye saini ya mhadhiri wake, kuthibitisha kwamba kweli ana shida. Wahojiwa thelathini na nane wanaunga mkono. Wawili nimewaacha wapinge, isije ikaonekana nimepika.

Dada akauliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia nakusanya data.

Jumatatu, 4 Mei

Nimekabidhi. Kiambatisho naye kakabidhi. Tunamwita hivyo kwa sababu ripoti zake zina kurasa kumi za maneno na themanini za viambatisho. Kakaa dirishani wiki tatu na saa mkononi, anapima kila mtu amesimama dakika ngapi. Anapendekeza nini? Dirisha la pili. Basi! Hata fundi seremala angesema hivyo, tena bila digrii.

Lakini mhadhiri ana desturi ya kupeleka ripoti bora kwa ofisi inayohusika, na Kiambatisho ni kipenzi chake. Nimemuwahi. Saa saba mchana, ofisi zikiwa tupu, nimepenyeza nakala yangu chini ya mlango wa Msajili. Juu nimeandika HARAKA kwa kalamu ya kijani.

Jumatano, 6 Mei

Nimeula! Tangazo limebandikwa dirishani: kuanzia leo, hakuna huduma bila Fomu ya Awali. Sera yangu! Nimekwenda kutazama. Foleni imekwisha kabisa. Pale walipokuwa wakisimama watu mia, leo kuna paka mmoja kalala. Nimepiga picha na paka.

Nimempigia simu mjomba. Jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mpwa wake sasa anaendesha chuo. Dada kafurahi mpaka kaanza kukata suti yangu ya mahafali. Kitambaa cha kijivu alikuwa amekificha kabatini tangu nianze mwaka wa kwanza. Sikujua. Moyo ulilainika kidogo.

Kiambatisho alisimama pale akitazama, kisha akauliza wale watu wamekwenda wapi. Wivu mtupu.

Alhamisi, 7 Mei

Maafa. Nimegundua sijajisajili kwa mtihani wa mwisho. Mwisho kesho saa kumi jioni. Asiyejisajili anarudia mwaka.

Nikakimbilia dirishani. Karani, mzee wa mihuri miwili, akaniomba Fomu ya Awali. Nikacheka. Nikamweleza kwa upole kwamba anazungumza na mtunzi wa hiyo fomu mwenyewe. Akaniangalia juu ya miwani.

"Vizuri," akasema. "Basi kuijaza haitakusumbua."

Nikaenda kwa mhadhiri kutafuta saini. Nimemkuta na madodoso yangu arobaini mezani. Akasema ana swali moja tu. Dirisha la usajili hufungwa Jumapili. Hawa watu arobaini niliwakuta wapi?

Nimejitetea kwamba tarehe angalau ni ya kweli. Hakuguswa. Kazi kanipa sifuri. Saini atanipa nikimletea wahojiwa arobaini wenye miguu, kabla ya saa tisa kesho.

Nikarudi dirishani kuwatafuta. Yupo paka.

Nyumbani dada kanipima mikono ya suti. Nikashindwa kumwambia. Nikanyoosha mikono tu.

Ijumaa, 8 Mei

Saa mbili asubuhi sina mhojiwa hata mmoja. Nikajishusha, nikamuuliza Kiambatisho. Akanishika mkono wa shati, akanipandisha mpaka ghorofa ya tatu, korido ya wahadhiri. Foleni yote ipo kule! Imezunguka ngazi mara mbili, kila mtu kashika Fomu ya Awali, anangoja saini. Kumbe sera yangu haikumaliza foleni, imeihamisha tu.

Nikaanza kuhoji. Wote arobaini wanapinga. Mmoja alitaka kujua mtunzi wa fomu anakaa wapi. Nikaandika "hana maoni".

Wa ishirini na tatu alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Alikuja jana, akarudishwa, leo kaja tangu alfajiri. Asiposajiliwa leo, mwaka wake umekwenda. Aliniambia hayo bila hasira, kisha akanishukuru kwa kumuuliza. Nilipata aibu ambayo sijawahi kuipata. Nikashindwa kuendelea na swali la tisa.

Saa tisa mhadhiri akayasoma madodoso yote, akanisainia, halafu akampigia simu Msajili. Sikukaa kusikiliza. Nikateremka ngazi tatu tatu. Saa kumi kasoro dakika nane niko dirishani, natweta. Karani kanigongea muhuri bila kuuliza kitu. Fomu ya Awali imefutwa dakika ile ile. Yangu, yenye saini niliyoitolea jasho, aliichukua akafutia wino.

Muda wa usajili umesogezwa mpaka Jumatano, kwa hiyo yule mama atapata. Dirisha la pili, la Kiambatisho, litafunguliwa siku ya kwanza ya kazi wiki ijayo. Mimi nimepewa nafasi ya kufuta ile sifuri: nihoji watu arobaini siku hiyo ya ufunguzi. Nimeapa mbele ya mhadhiri kwamba nimebadilika. Nilimaanisha kabisa.

Jumapili, 10 Mei

Nimebadilika. Leo nimetumia kalamu sita, na wahojiwa kumi nimewaandika kwa mkono wa kushoto. Wote wanalisifu dirisha la pili. Wa ishirini na tatu kasifu hata kivuli chake. Zaidi ya yote, kosa la tarehe sirudii: kila dodoso nimeandika Jumatatu, 11 Mei. Mtu huelimika.

Dada, huku anashona kola ya suti, kauliza kama sijasikia redioni kwamba kesho ni siku ya mapumziko na ofisi zote zimefungwa. Nimemwambia ashone tu, mambo ya data aniachie mimi.