Vidato vya Mwaloni wa Ardis

Jumapili, 16 Novemba

Verlyn amekuja baada ya kanisa. Amekunywa kahawa yangu, amekula keki yangu, kisha akatangaza kwamba Jumamosi, siku ya kufungua msimu wa mawindo, atakaa yeye kwenye dungu la Ardis.

Dungu la Ardis! Ardis alikuwa mke wangu. Alikuwa pia dada yake, nakubali. Alitutoka mwezi wa Machi, na tangu hapo dungu lake limekaa tupu kule juu ya mwaloni nyuma ya shamba letu. Ngazi yake ya mbao ilishaoza, ikaangushwa na upepo wa kiangazi. Kiti kipo. Njia ya kukifikia haipo. Verlyn anasema hilo halimpi shida, atakuja na ngazi yake.

Nikamwambia mwaloni ni wangu. Akanijibu kwa upole, kama anayemweleza mgeni, kwamba kwa akina Haugen, ukoo wao, dungu halirithiwi. Siku ya ufunguzi dungu ni la makalio yaliyotangulia kukaa. Hivyo ndivyo baba yao alivyoamua, na hivyo ndivyo Ardis mwenyewe alivyompokonya Verlyn dungu hilo walipokuwa vijana. Kisha akauliza, “Na wewe shemeji, tangu lini unawinda? Kazi yako si chapati?”

Ni kweli. Miaka yote hiyo, akina Haugen wakiwa mitini, mimi nilikuwa jikoni nikipika chapati za maji. Ardis alikuwa akirudi na pua nyekundu kwa baridi, ananibusu, halafu ananiambia nimeunguza za kwanza. Kila mara! Hata nilipofungua madirisha. Hata nilipompa mbwa wetu, Bosko, ushahidi wote aumalize. Nikimuuliza amejuaje, alisema ameambiwa na kulungu.

Nataka kukaa pale mara moja tu. Nataka kuona alichokuwa akikiona. Verlyn sikumwambia hayo. Nilimwongezea sukari.

Nina mpango. Nitatangulia.

Jumatatu, 17 Novemba

Dukani kwa Corinne. Nimenunua vidato vya skrubu: vyuma vilivyopinda, ncha yake unaikaza ndani ya mti kwa mkono, mguu unakaa kwenye mkono wa chuma. Nilimwambia Corinne ni vya jirani yangu.

Corinne akauliza huyo jirani mti wake ni wa aina gani, u hai au umekauka. Nikasema mwaloni, mzima kabisa. Akasema basi achukue vile vya chuma kimoja kisichokunjika, vyenye ncha kali na meno marefu, maana mwaloni hauna huruma. Nikatazama vile vinavyokunjika. Vya kijani. Vinaingia mfukoni vikatulia kama funguo. Mtu mwenye siri anahitaji chuma kinachokunjika. Nikachukua hivyo.

Jioni Verlyn akapiga simu kuuliza habari za jirani yangu. Akataka kujua kama ni yule asiye na hata mti mmoja.

Corinne hanyamazi.

Jumanne, 18 Novemba

Mwaloni hauna huruma.

Nimekaza kidato cha kwanza kwa jasho ambalo sijawahi kulitoa hata siku ya harusi. Ni kama kukaza skrubu kwenye benchi la kanisa wakati wa mahubiri: haiingii, na unahisi kuna anayekutazama. Malengelenge viganja vyote viwili. Cha pili kikaingia. Cha tatu kikaingia kidogo. Nikapanda. Cha tatu kikajikunja chini ya mguu wangu kama kisu cha mfukoni, nikateremka na shina lote nimelikumbatia, kwa mapenzi ambayo mti haukuyarudisha.

Sikuumia. Nikabaki nimelala kwenye majani makavu, nikitazama juu. Mto wake wa kukalia bado uko pale, rangi ya chungwa iliyofifia hadi kuwa kama ganda la pichi. Kundi la mabata bukini likapita juu yake likielekea kusini, taratibu, likizozana. Nikafikiri: akishusha mkono sasa hivi, utanifikia. Kisha Bosko akanilamba sikio.

Pale chini pana raha yake. Nilikaa hadi suruali ikalowa.

Jumatano, 19 Novemba

Nimerudi kwa Corinne. Akavifunga vile visivyokunjika kwenye karatasi bila kucheka, nikaona huo ni ukatili zaidi. Akasema nivikaze kushoto na kulia kwa zamu, kila kimoja pale goti linapofika bila kulalamika, na vya mwisho vipite juu ya dungu, ili niingie kwa kushuka na si kwa kujivuta kama gunia. Nikasema nitamwambia jirani. Akasema nimsalimie pia.

Nimejifunga mkanda wa usalama wa Ardis kuzunguka shina. Bado una matundu yake. Tumbo langu limelazimika kutafuta tundu jipya. Nikatoboa gome kwanza, nikakaza, nikapanda, nikakaza. Hatua kwa hatua nikaukaribia ule mto. Ndege mdogo mwenye kofia nyeusi akaja kukaa kwenye kidato nilichomaliza kukikaza, akakikagua.

Verlyn akatokea kwenye uzio, akaegemea. “Shemeji! Unapanda mti au unaoa?” Nikaendelea kukaza. “Ushushe mguu wa kushoto. Wa kushoto, shemeji. Huo ni wa kulia, umekaa nao zaidi ya miaka sitini.” Alinitazama hadi nikakaza cha mwisho, juu kidogo ya dungu kama Corinne alivyosema. Giza lilikuwa limeanza kuingia, na mkanda wa usalama ulikuwa unanibana pumzi, nikashuka bila kukaa. Nilitaka pia nikae siku yenyewe.

Nilipofika chini, Verlyn akavua kofia na kunishukuru. Akasema sasa hana haja ya kubeba ngazi, vidato vyangu vinamtosha kabisa.

Nimemjengea adui ngazi!

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Nimefikiri siku nzima. Hakuna kilichokuja.

Ijumaa, 21 Novemba

Kimekuja! Kimekuja kwenye samaki.

Kama kila Ijumaa, watu wote walikuwa baa, wakila samaki wa kukaanga na saladi ya kabichi. Baa ilijaa makoti ya mawindo ya rangi ya chungwa hadi macho yakauma. Mzee wa meza ya pili alikuwa anasimulia kwamba yeye akishuka kwenye dungu lake hung’oa vidato vya chini na kwenda navyo nyumbani, ili mwizi wa kiti akija abaki kuramba gome. Kila mtu akasema yeye pia hufanya hivyo. Mimi tu nilikuwa sijui.

Basi. Kesho alfajiri nitapanda, na nikishapita vidato vya chini nitainama nivizungushe kinyume, nivitoe, niende navyo juu. Verlyn abaki chini na gome lake.

Nusura niache. Verlyn alikuwa ameagiza sahani ya Ardis kwa mazoea, ile ya viazi bila kitunguu, akaitazama ilipoletwa kama mtu aliyefunguliwa mlango usio wake. Akasema polepole kwamba tangu utotoni dada yake alimshinda kwenye kila mti, na yeye alikuwa anabaki chini akimshikia kofia. Anataka tu kujua kule juu palikuwa na nini cha kumfanya asishuke. Nikafungua mdomo nimwambie achukue dungu, kesho liwe lake.

Hapo akachukua mkate wangu wa mwisho na kuupaka siagi.

Vita vinaendelea.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimetangulia!

Niliacha taa ya jikoni ikiwaka, nikavaa koti la Ardis la chungwa, nikavuka shamba kukiwa bado hakujapambazuka, jalidi ikivunjika chini ya viatu kama sukari. Nikajifunga mkanda wa usalama kwenye shina, nikapanda kidogo, nikainama, nikaanza kung’oa vya chini. Kimoja kikatoka, nikakitia mfukoni. Kingine mfukoni. Nyuma yangu nilisikia njugu za mwaloni, mbegu zake ngumu, zikianguka, tik, tik, nikafurahi kwamba msitu umeamka pamoja nami.

Nikaingia dunguni kwa kushuka, si kama gunia. Nikakalia mto wake.

Halafu mwanga ukaja. Sijui niandikeje. Ulikuja bila kutoka upande wowote, kama maziwa kwenye chai. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, miti ikiwa imesimama ndani yake hadi kiunoni. Na katikati ya mashina mawili, likiwa limewekwa pale kama picha kwenye fremu, niliona dirisha la jikoni kwetu.

Jikoni kote! Jiko. Meza. Bosko amelala juu ya kiti alichokatazwa. Hata kitambaa cha sahani kwenye msumari wake.

Kumbe. Asubuhi zote zile. Mimi natimua moshi kwa kitambaa, mimi namrushia Bosko zilizoungua, mimi natazama huku na huku kama mwizi. Nduguze walikuwa wakimtania kwamba ana dungu bora kuliko yote na anarudi mikono mitupu. Alikuwa hatazami upande wa kulungu.

Kulungu dume akapita chini yangu, pembe kama kiti cha kifalme. Akasimama akanusa kitu kwenye majani. Nikakumbuka bunduki. Niliiona vizuri kabisa: imeegemea ukuta, jikoni, karibu na jiko.

Kitu alichokinusa kilikuwa kidato changu. Nikatia mkono mfukoni. Mfuko una tundu. Ardis aliniomba niushone, nikamwambia kesho, na kesho hiyo ikapita na majira ya baridi mawili. Kwenye bitana nilikuta makaratasi ya peremende zake za mnanaa tu. Vidato vyote nilivyong’oa vilikuwa chini, vimetawanyika kwenye majani. Sikuwa na njia ya kushuka.

Verlyn akaja. Akatazama mti. Akatazama vidato ardhini. Akanitazama mimi. Akacheka hadi akashika shina asianguke. Nikamwomba anirushie. Akasema sheria ni sheria, makalio yangu yametangulia. “Basi kaa, shemeji! Kaa vizuri!” Akaondoka zake.

Nikamwona anaingia jikoni kwangu. Anavua koti. Anapekua kabati. Anachanganya unga. Anatia chapati kwenye kikaango, anageuka kutafuta shira, moshi unapanda. Anashtuka, anapepea kwa kitambaa, anatazama mlango, anampa Bosko. Nilicheka. Nililia pia kidogo, ila zaidi nilicheka.

Akarudi na ngazi, na sahani imefunikwa. Nikashuka, nikala moja, nikamwambia ameunguza za kwanza.

Alipauka. “Nani kakwambia?”

“Kulungu.”

Kisha nikamwambia apande. Alikaa kule juu muda mrefu hadi chapati zikapoa. Aliposhuka macho yalikuwa mekundu, akasema ni upepo. Hapakuwa na upepo.

Jumapili, 23 Novemba

Amani. Tumevirudisha vidato vyote pamoja, na tumekubaliana kwa kupeana mikono: mmoja juu, mmoja jikoni, kwa zamu. Kesho ni zamu ya Verlyn. Hakuna hila tena, nimesema hivyo kwa mdomo wangu, na Corinne alikuwapo.

Ila jioni nilipokuwa nachanganya unga wa kesho, nikawaza. Verlyn atakuwa anatazama. Za kwanza zitaungua. Za kwanza huungua daima. Ardis alikuwa na haki ya kuziona. Verlyn ataenda kusimulia baa, kwenye samaki.

Nimelifikiria kosa langu la jana, nimeliona lilipo. Niling’oa vya chini. Vinavyofaa kung’olewa ni vya juu! Apande hadi katikati, akwame, aite. Nitamsikia vizuri tu. Bosko akishamaliza za kwanza, nitavuka shamba nimpelekee vidato vyake, naye atakaa kwenye kiti aone zile nzuri. Hakuna atakayeumia.

Kwa hiyo nimetoka kuving’oa sasa hivi, kabla jua halijazama. Nimevitia kwenye mfuko wa koti. Mfuko sijaushona bado. Nikiushona, yale makaratasi ya peremende yatahamia wapi?

Nilirudi polepole. Mbingu zilikuwa rangi ya ule mto wa kukalia. Nilikuwa nimeshautoka msitu, niko katikati ya shamba pasipo na mti hata mmoja, na bado nyuma yangu nilisikia njugu za mwaloni zikianguka.