Marufuku Chemba Kufurika

Kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, ilikuwa marufuku kwa chemba yoyote ya maji machafu mtaani Kiseke kufurika.

Tangazo lilipita mitaani kwa gari lenye spika mbili. Gari liliposhindwa kupanda majabali, spika zilibebwa begani hadi nyumba za juu kabisa, ili wanaokaa kwenye mawe nao wasije wakasema hawakusikia. Mwenye tangazo alikuwa Wakala wa Mifuniko na Ustawi wa Chemba, kwa kifupi WAMICHE, chombo kipya kilichoundwa baada ya utafiti wa kina kubaini kwamba maji machafu huonekana pale tu mfuniko unapofunguliwa.

"Tatizo letu si uchafu," alifafanua Mkurugenzi wake, Bwana Alexander Mhoja. "Tatizo letu ni ufunguaji holela."

Basi kila mfuniko ukapigwa lakiri nyekundu ya plastiki, na asiyekuwa na Kibali cha Ufunguaji hakuruhusiwa kuigusa. Baada ya mwezi mmoja wakaguzi walizunguka na kuandika kwamba chemba zilizofurika zilikuwa sifuri. Maji waliyoyakuta uani na njiani, kwa kuwa kufurika kulishapigwa marufuku, hayangeweza kuwa yamefurika. Yaliandikwa kwenye safu yake peke yake: unyevu wa msimu.

Machibya, fundi mabomba, aliisoma taarifa hiyo kwenye ubao wa serikali ya mtaa na kukiri moyoni kwamba ilikuwa imepangwa vizuri. Alikuwa mtu wa Usagara, mpole, mwenye miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo. Akisukuma waya wake wa kuzibulia ndani ya bomba, mkono wake ulimwambia kama waya umegota kwenye mizizi, mafuta yaliyoganda au pampasi. Tangu lakiri zije, mkono haukuwa na cha kumwambia. Alikuwa akitengeneza koki.

Siku ya Alhamisi akapigiwa simu na Mama Teodora, mkunga mstaafu, na kwa sauti tu akajua mambo yameharibika.

Alipofika alikuta ua wote umejaa maji meusi. Mama Teodora alikuwa amepanga matofali kutoka mlangoni hadi njiani, na yeye mwenyewe aliyakanyaga kama msichana. Lakini alikuwa akiishi na mdogo wake, Odeta, ambaye kiharusi kilimchukua upande wa kushoto, na mtu anayetembelea gongo hawezi kuruka matofali. Wiki mbili Odeta hakwenda kwenye mazoezi yake ya viungo. Asubuhi hiyo alijaribu. Akaanguka humo, mzima mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Machibya. Nimezalisha wanawake wa mtaa huu mpaka nimepoteza hesabu, na mwili wa mtu haujawahi kunitia aibu. Leo nimemwogesha mdogo wangu mara tatu na bado ananiambia, dada, ninanuka." Akanyoosha kidole kwenye maji. "Fungua hiyo chemba."

"Nitafungua, mama. Nifuate kibali kwanza."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa raia mwema, na raia mwema huanzia dirishani.

Kwenye dirisha la vibali la WAMICHE alikaa Selina, dada mwenye heshima zake, aliyeamkia wateja wote hata wanaofokafoka.

"Kibali kinapatikana, fundi," alisema. "Lete tu picha ya ndani ya chemba, ikionyesha kwamba imeziba."

"Nipige picha ya ndani, na mfuniko umefungwa?"

"Mfuniko haufunguliwi bila kibali."

"Na kibali?"

"Hakitoki bila picha."

Machibya alitafakari. Haukuwa na upenyo hata wa kupitisha sindano utaratibu ule. Laiti mabomba ya mji yangeungwa namna hiyo, yasingevuja milele.

"Lakini maji yamefika mlangoni kwa watu, dada."

"Huo ni unyevu wa msimu. Una dawati lake, ila dawati halijapangiwa mtumishi." Selina akachungulia nyuma yake, kisha akainamia tundu la dirisha. "Fundi, hata kwangu imejaa. Tunaoga kwa jirani. Lakini nikiomba kibali, nitaonekana napinga takwimu."

Machibya akarudi kwa Mama Teodora. Odeta alikuwa ameketi kitandani ameutazama ukuta, na alipoamkiwa hakugeuka. Machibya akatoka uani. Akavaa gambuti, akatoa koleo, akaikata lakiri.

Waya uligota mita nne tu. Aliuzungusha, akauvuta taratibu, na vikaanza kutoka: pampasi mbili, kipande cha gunia, kisha kitambaa kizito cha plastiki kilichokunjika kama sambusa. Mama Teodora alikimwagia ndoo ya maji. Kilikuwa bango la WAMICHE lililoanguka njiani wakati wa mvua na kusombwa na mtaro. Maandishi yalikuwa bado yanang'aa: MFUNIKO WANGU, FAHARI YANGU.

Chemba ikakoroma, ikameza, na ua mzima ukaanza kushuka. Mama Teodora alipiga kigelegele. Hicho ndicho kilichowaleta mgambo.

Machibya alishtakiwa kwa kosa la kusababisha mtiririko usioratibiwa. Kwa kuwa lilikuwa kosa lake la kwanza, Mkurugenzi alimhurumia: alinyang'anywa waya na koleo tu, akawekwa mbele ya meza na kutia sahihi kiapo kwamba hatagusa mfuniko wowote, wa mtu yeyote, bila kibali. Alisaini kwa herufi kubwa, zisomeke. Usiku huo hakula. Si kwamba aliogopa. Aliona haya kwamba mtu mzima anaweza kusaini jambo kama lile na kalamu isikatae.

Wiki mbili baadaye WAMICHE ikapata tuzo ya sifuri. Mgeni rasmi, mama mmoja kutoka Dodoma, angeikabidhi nyumbani kwa Mkurugenzi mwenyewe, chini ya kilima, mahali ambapo upepo wa ziwa hufika kabla haujachoka. Wananchi walionufaika walialikwa waje kushukuru, na Mama Teodora aliwekwa kwenye ratiba kama mnufaika namba moja, kwa kuwa ua wake ulikuwa mkavu.

Asubuhi ya sherehe simu ya Machibya ililia. Alikuwa Mkurugenzi, na alinong'ona.

"Njoo haraka. Pitia mlango wa nyuma."

Nyuma ya nyumba palikuwa na baraza ya vigae vyeupe vilivyotoka mbali, na katikati ya vigae vilikuwa vinachemka vitu ambavyo havikutoka mbali.

"Mfuniko uko wapi, mzee?"

"Chini ya vigae," alisema Mkurugenzi. "Nilitaka uwe mfuniko wa mfano."

"Umekuwa. Sasa naomba kibali."

"Kibali? Machibya, vibali natoa mimi!"

"Basi ni rahisi. Jiandikie. Nilikula kiapo mbele yako, na koleo langu unalo wewe."

Mkurugenzi alichukua daftari la vibali, akafungua kalamu, akafika kwenye mstari wa kwanza. Uliuliza: Idadi ya chemba zilizofurika hadi sasa. Kalamu ikasimama hewani. Akiandika moja, tuzo ya sifuri imekwenda na maji. Asipoandika, maji yanakuja.

Alifunga daftari. Akaagiza zulia jekundu litandikwe juu ya vigae.

Mgeni rasmi alifika saa nne akashangiliwa. Ratiba ilimtaka apite barazani kwenda jukwaani, Mkurugenzi akimwongoza. Hatua ya tatu zulia likatoa sauti. Hatua ya tano likawa na rangi nyingine. Mama yule akasimama, akatazama chini.

"Mkurugenzi, hiki ni nini?"

"Ni unyevu wa msimu, mheshimiwa."

Mgeni alitazama huku na huku, akamwona mwanamke mzee mwenye kadi ya mnufaika kifuani. "Mama, ni kweli? Na wewe unaufahamu?"

Mama Teodora alisogea hadi kwenye maikrofoni, maana ndivyo ratiba ilivyomwelekeza.

"Naufahamu sana, mheshimiwa. Kwangu ulikaa wiki mbili. Wataalamu wa Mkurugenzi walitwambia hauna madhara. Mdogo wangu alianguka ndani yake, na hata hilo halikuandikwa popote. Kwa hiyo usiogope. Mwambie Mkurugenzi akae, aendelee na hotuba."

"Kama hauna madhara, aendelee," alisema mgeni rasmi, akarudi nyuma hatua tano na kusimama kwenye nyasi.

Kiti kikawekwa katikati ya zulia. Mkurugenzi akaketi. Alifungua hotuba, akasoma salamu, akasoma utangulizi wote. Maji yakapanda kwenye viatu. Alifika kwenye aya ya mafanikio, soksi zikaloa. Watu mia mbili walimsikiliza kwa nidhamu, na hakuna hata mmoja aliyeziba pua, kwa kuwa hawakuwa wageni wa harufu hiyo. Alipofika kwenye neno "sifuri", kitu kikaelea taratibu kikagusa suruali yake.

"Ni mavi!" alipiga kelele Mkurugenzi. "Mheshimiwa, ni mavi! Chemba imefurika!"

Maikrofoni ilikuwa wazi, na spika zilikuwa zilezile za matangazo. Kiseke nzima ilisikia, majabali yakarudia.

Mgeni rasmi aliondoka na tuzo yake bila kunywa soda. Jioni ile Selina alifunga dirisha, akaenda kwake na nyundo, na asubuhi hapakuwa na lakiri iliyobaki nzima mtaani. Hakushtakiwa mtu. Machibya alirudishiwa waya na koleo pamoja na barua ya kumwomba, tafadhali, aje.

Alikuja. Alipima, akagonga, akasikiliza, kisha akatoa taarifa yake kwa upole: baraza lazima ivunjwe, jamvi la zege lipasuliwe, shimo lichimbwe upya. Siku tisa, Mungu akipenda. Kabla ya hapo choo kisitumike hata kwa kukijaribu.

Majirani wa Mkurugenzi wana kuta ndefu na mbwa, na siku hizo mbwa hawakufungwa. Choo cha karibu kilichokuwa kikipitisha maji vizuri kilikuwa juu kwenye mawe, kwa Mama Teodora. Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili asubuhi Mkurugenzi Mkuu wa WAMICHE alipanda majabali na tai yake shingoni, karatasi ya chooni ndani ya bahasha ya ofisi, akafika mlangoni akihema.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, mama. Mkurugenzi."

"Karibu, baba. Simama hapo kidogo, Odeta ameingia."

Kutoka chooni ilisikika sauti ya gongo likiegeshwa ukutani, halafu ya mtu akijiweka sawa, halafu wimbo, wa polepole, wenye beti nyingi.