Njia ya Mbio ya Ndugu Mkurugenzi

Chumvi ndiyo iliyoleta balaa. Kezia alikuwa ameinunua katika duka la ushirika asubuhi ile, wakamfungia kwa kipande cha gazeti la miezi miwili nyuma. Kabla hajamaliza kuimimina kwenye kopo, Hezekia alikwisha kulinyakua gazeti na kulikung'uta. Huyo Hezekia, pale kwenye kibanda cha chai cha Kezia walimwita Redio, maana hakuna aliyejua anazimiwa wapi.

“Jamani, sikilizeni mambo ya pwani!” Akasoma kwa sauti ya mtangazaji. “‘Wafanyakazi wa mji huo wamefunguliwa njia ya kukimbilia, maili nne, tambarare tupu, inayopita kando ya bahari kati ya minazi na mikoko. Mkimbiaji ataburudika na mandhari na upepo mwanana.’”

“Wanakimbia kwenda wapi?” akauliza Mseti.

“Hawaendi mahali, tata. Wanafika mwisho wa njia, wanageuka, wanarudi.”

“Kwani wamesahau nini walikotoka?”

Benchi zima likacheka. Mseti, ambaye vijana humwita tata, yaani baba, alikuwa balozi wa nyumba kumi, na jina lake la kibandani lilikuwa Azimio, kwa kuwa hata akipiga chafya lazima aiunganishe na siasa ya nchi. Alipokumbuka wadhifa wake akakohoa.

“Lakini tusikosoe ovyo, ndugu zangu. Mwenye afya huzalisha zaidi.”

“Huzalisha nini huko mchangani, kaa?” Kezia alisema huku akimimina chai. Yeye hakuwa na jina la utani. Hakuna aliyethubutu kumpa. “Mtu ameshiba mpaka inabidi akimbie chakula kishuke. Mimi nikikimbia, chakula chenyewe kiko kichwani ndani ya debe, hata hakijasagwa.”

Nashoni peke yake hakucheka vizuri. Alicheka, ndiyo, lakini kicheko kilitoka kama cha mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Njia ile aliijua. Miezi miwili iliyopita kijiji kilimtuma pwani kwenye semina ya siku sita, na mfukoni akabeba barua ya kuomba mashine ya kusaga. Tangu Operesheni ya vijiji iwahamishie pale, wanawake walikuwa wanabeba udaga wa muhogo na mtama hadi Nyarero, maili saba kwenda na saba kurudi. Aliporudi alisimama mbele ya mkutano akasema, “Mambo tayari!” Kwa neno hilo moja watu wakafyatua matofali, wakachoma, wakajenga nyumba ya mashine. Ilikuwa imebaki bati tu, nalo Mseti alikwisha kuliombea kwa barua pwani. Na yeye wakamwita Semina, jina alilolipenda sana hadi asubuhi hiyo.

“Ngoja, haijaisha!” Hezekia akalisogeza gazeti karibu na pua. “‘Siku ya pili ya ufunguzi kulitokea kioja. Mjumbe mmoja wa semina kutoka bara alimrukia Ndugu Mkurugenzi aliyekuwa akikimbia, akamwangusha, akamkalia mgongoni na kupiga yowe la mwizi.’”

Mseti akapaliwa na chai. Hezekia akaanguka kutoka kwenye benchi kwa kucheka, akaendelea kusoma akiwa chini.

“‘Mjumbe huyo anatoka wilaya ya...’ Aa! Hapa chumvi imekula.”

“Huyo ni wa kule kusini,” Mseti akasema. “Watu wa kule hawajaona mambo.”

“Mimi nasema ni mchunga punda wa Dodoma,” akasema Hezekia. “Semina, wewe ulikuwa huko. Hukumwona huyo mjinga?”

“Watu walikuwa wengi,” akajibu Nashoni.

“Lakini kioja kama hicho si kingevuma semina nzima?”

“Kilivuma kidogo.”

“Kidogo! Mjinga anamkalia Mkurugenzi kama anapanda ng'ombe, halafu kinavuma kidogo!”

Hapo Nashoni akakosea. Angekunywa chai yake yangeisha. Lakini neno mjinga lilikuwa limeshamchoma mara ya pili.

“Mjinga kwa nini? Wewe ungefanyaje? Alfajiri, mtu mzima anakuja mbio, kaptula fupi, kifua wazi, anatazama nyuma, na nyuma yake wanaume wawili wanamfukuza, mmoja ameshika taulo! Kwetu mtu akikimbia alfajiri, ama ameiba, ama ameibiwa, ama kuna msiba. Unashika rungu kwanza, unauliza baadaye!”

Kezia akaweka birika chini polepole.

“Shemeji,” akasema, maana Nashoni alikuwa mdogo wa mumewe, “taulo limeandikwa wapi?”

Hezekia akaligeuza gazeti, akalitazama juu na chini. “Hapa hakuna taulo. Wala hao wawili hawamo.”

“Mura, kijana wee!” Mseti akasimama. “Ni wewe!”

Nashoni akaangalia vidole vyake vya miguu. Vilikuwa na vumbi, na alitamani vumbi lile limfunike mpaka utosini.

“Wale wawili walikuwa dereva wake na karani wake,” akasema. “Wanambebea taulo. Mimi ningejuaje? Nilimkalia mpaka akataja jina. Alipotaja tu, nikalegea. Ndilo jina lililoandikwa juu ya barua yetu.”

“Mungu wangu,” Kezia akasema. “Mwenye kutia sahihi ya mashine?”

“Yeye mwenyewe.”

“Na ulimpa barua?”

“Nilimpa. Nilikuwa bado nimemkalia.”

Hezekia alitaka kucheka, akamtazama Kezia, akaahirisha.

“Akasema nini?”

“Alisema, ‘Kijiji chenu nitakikumbuka.’ Sasa mimi nikaona, si ndiyo mambo tayari?”

“Nashoni!” Sauti ya Kezia ilipasuka. “Boke mkeo ametoka jana Nyarero, shingo haigeuki! Tumebomoa migongo kwa matofali yako! Mimi nimekanyaga udongo ule kwa miguu hii! Unatudanganya mkutanoni, mchana kweupe, na mchungaji amekaa pale!”

Nashoni aliona aibu ya kweli. Mkutanoni, wanawake walipopiga vigelegele siku ile, alishindwa kuvikatisha, na kila siku iliyofuata ilikuwa imechelewa zaidi.

Mseti akajikuna shingo. “Sasa, kuna barua imeshuka na basi jana. Ina muhuri. Naiweka hadi mkutano wa Jumamosi.”

“Fungua.”

“Mama, barua ya serikali haifunguliwi kwenye kibanda cha chai.”

“Basi na serikali hainywi chai ya kibandani.” Kezia akachukua kikombe chake.

Mseti akakitazama kikombe kinavyokwenda, akafungua barua. Akasoma mwenyewe, midomo ikicheza. Hezekia akamnyang'anya.

“‘Ndugu wanakijiji. Kupitia mjumbe wenu, kijiji chenu kimeonyesha mwamko wa pekee katika mbio. Hivyo kimeteuliwa kuwa kijiji cha mfano kwa njia ya mbio. Njia iwe tambarare, ipite penye mandhari, na ijengwe kwa kujitolea. Nyumba mliyotuarifu kuwa mmeijengea mashine itumike kutunzia viatu vya wakimbiaji. Mashine itafikiriwa baadaye. Msimamizi wa njia awe mjumbe mwenyewe.’”

“Viatu vya nani?” akauliza Hezekia. Wote wakajitazama miguu. Mseti ndiye aliyevaa, na ilikuwa katambuga ya tairi.

“Hata hivyo, kijiji cha mfano ni heshima,” Mseti akasema, lakini hata yeye hakujiamini.

“Tambarare utaipata wapi, Azimio? Huku hata kuku anateremka kwenda bandani!” akasema Hezekia.

Kezia hakucheka wala hakupiga kelele tena, na hilo likamtisha Nashoni kuliko kelele.

“Andikeni majibu,” akasema. “‘Ndugu Mkurugenzi, asante. Njia tunayo siku nyingi. Inaanzia hapa, inaishia Nyarero. Kuna milima mitatu, na kijito kinachofika kiunoni wakati wa masika. Mandhari imejaa, ila hatujapata nafasi ya kuitazama, maana shingo iko chini ya debe. Wakimbiaji ni wanawake, mtoto mgongoni. Tunakuomba uje uifungue rasmi. Debe tutakuazima.’”

“Siwezi kumwandikia Mkurugenzi maneno hayo,” Mseti akasema.

“Lete kalamu,” akasema Nashoni.

“Wewe?”

“Nimeshamkalia mgongoni, tata. Nitashindwa kumwandikia?”

Akaandika yote, taratibu, Kezia akimsimamia neno kwa neno. Chini akaweka jina lake na la baba yake. Kisha akaongeza, bila kuambiwa: Mimi ndiye niliyesema mambo tayari. Hayakuwa tayari.

Kezia akaisoma, akaikunja.

“Haiendi leo. Kwanza maili zihakikishwe, asije akasema tumemdanganya. Debe la Boke liko nyumbani, langu hili hapa, na Nyangi amejifungua juzi, lake halina mtu. Madebe matatu. Wanaume watatu.”

Hezekia akakumbuka ghafla ng'ombe aliyekuwa anaumwa. Mseti akakumbuka kikao. Waliondoka kwa heshima, hatua kwa hatua, mpaka Kezia alipoita, “Redio!” Hapo balozi wa nyumba kumi akashika pindo za koti lake, na wote wawili wakatimua mbio kuteremka bondeni. Hezekia, aliyelilia goti mwaka mzima, ndiye aliyetangulia kukata kona.

Nashoni hakukimbia. Aliinama, Kezia akamwekea ngata kichwani, kisha debe la udaga juu yake. Shingo ikaingia mabegani. Akautazama mlima wa kwanza.

“Shemeji,” akauliza, “njia yote hii haina tambarare hata kidogo?”

“Ipo,” akasema Kezia. “Kizingitini pa mashine, Nyarero.”