Mafundi Wanne kwa Kazi ya Mmoja

Jumatatu, 3 Machi 2025
Edinah amepiga simu kutoka Kamukuywa. Mke wangu mwenyewe! Anakaa kwa dada yake tangu ile biashara yangu ya kukodisha kuku, ambayo sitaki kuikumbuka. Amesema atakuja Jumamosi ya tarehe 15 kuiona hoteli ninayomjengea hapa Tuwan. Akiridhika atarudi nyumbani aiendeshe mwenyewe. Sharti ni moja: mambo yanyooke, nisilete ujanja wangu. Nikaapa.

Fundi ni Kemboi wa Kapsokwony, kule mlimani. Kazi ya mikono, elfu tisini. Jirani yangu Gathii, ambaye hakuulizwa, akanikumbusha kutoka upande wake wa ua kwamba fundi wa ujenzi akilipwa elfu ishirini na nne au zaidi kwa mwezi, lazima nikate asilimia tatu, niipeleke serikalini na kuiripoti kwenye mtandao. Ati yeye huripoti kila mara. Alisema hivyo akitafuna karanga. Elfu mbili na mia saba! Mimi, Levi Wepukhulu, sinyang'anywi hivyo.

Nimekula ugali nikiwa nimesimama. Nikikaa mezani peke yangu naisikia sana saa ya ukutani.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Wazo limekuja nikinyoa ndevu. Tisini gawa kwa nne ni ishirini na mbili na nusu. Chini ya mpaka! Kemboi atafute PIN za kodi za jamaa zake watatu. Tutaandika mafundi wanne, kazi afanye yeye. Hakuna kukata, hakuna kuripoti. Kemboi akasema kwenye simu ni sawa mzee, lakini wacha kwanza aongee na shangazi. Shangazi anaingilia wapi hapa?

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi ameingia. Na begi. Anaitwa Chepkosgei, mzee wa kanisa, na amekataa katakata jina lake kuandikwa mahali mkono wake haujafika. Hali pesa asiyoitolea jasho. Kwa hiyo wameteremka wote: Kemboi, ndugu yake Kigen, shemeji yao Bethwel, na yeye mwenyewe, anakoroga saruji akiwa na gambuti za mpira miguuni. Kupanda mlimani kila jioni ni nauli kubwa. Basi watalala wapi? Kwangu! Nimenunua magodoro, blanketi nne, unga, maharagwe na nyama. Sijajumlisha. Ujanja mzuri haujumlishwi mapema.

Chepkosgei alinikuta jikoni nakula nimesimama. Akaniuliza kama kuna mtu ananifukuza. Akanivutia kiti.

Jumatatu, 10 Machi
Wanaimba wakifanya kazi! Asubuhi kuna maziwa ya kibuyu. Bethwel anakoroma, Mungu ambariki. Saa sijaisikia tangu Ijumaa.

Tatizo ni kwamba wana bidii mno. Kigen anasema Jumatano watakuwa wamemaliza. Jumatano! Nimeukagua ukuta wa jiko la hoteli nikawaambia umepinda. Kemboi akateremsha uzi wa timazi. Umenyooka. Nikasema timazi za siku hizi si za kuaminika, wabomoe wajenge tena, nitamwongeza kila mtu elfu nane. Kemboi alinitazama. Jioni Chepkosgei aliniongezea ugali.

Alhamisi, 13 Machi
Gathii na karanga zake. Akauliza nimewaongeza ngapi, akajumlisha kwa vidole. Thelathini na nusu kila mmoja, na mwezi ni uleule. Wote wamevuka mpaka! Badala ya kukata na kuripoti mtu mmoja, sasa ni wanne. Alicheka mpaka karanga ikampalia. Nilimpiga mgongoni ili kumsaidia. Huenda nilizidisha.

Jumamosi, 15 Machi
Edinah amekuja. Ukuta wa jiko la hoteli bado umefika kifuani tu, na mwanamke mwenye gambuti alikuwa akipakua maharagwe kutoka kwa sufuria ya Edinah. Chepkosgei akamkaribisha ajisikie nyumbani. Nyumbani kwake!

Edinah alikuwa karani wa chama cha ushirika Bungoma. Akaomba risiti, akasoma zote, nikamweleza kwa nini mafundi ni wanne, akaniuliza polepole: hiyo asilimia tatu ilikuwa pesa ya nani? Nikasema yangu. Akasema haijawahi kuwa yangu. Inatoka kwa malipo ya fundi, na fundi anahesabiwa kwamba ameshailipa kwenye kodi yake ya mwaka. Mimi kazi yangu ni kuifikisha tu. Kemboi naye akasema ati angekubali ikatwe tangu siku ya kwanza, ni vile tu sikumuuliza.

Nikamfokea: mbona basi alileta ukoo mzima? Akaangalia chini. Akasema shangazi alimwambia huyu mzee si kodi inamsumbua, anatafuta watu.

Hakuna aliyecheka. Edinah akasema kama ningemwambia kwenye simu kwamba nyumba imenishinda peke yangu, angekuja siku hiyohiyo, hata hoteli isipokuwa na paa. Akangoja. Nilikuwa na jingine la kusema. Nikamjibu niko sawa kabisa, yalikuwa mambo ya kodi tu.

Akachukua mkoba wake. Akasema nikiwa na neno moja la kweli, nambari yake ninayo. Akarudi Kamukuywa. Mafundi nao wakapanda mlimani kuwahi ibada ya kesho.

Jumapili, 16 Machi
Nimekula nimesimama. Saa imerudi.

Nimeishika simu tangu nitoke kanisani. Neno moja la kweli! Ni rahisi kusema. Nikaitafuta nambari ya Edinah, nikaitazama sana, kisha nikampigia Kemboi.

Maana kosa langu nimeligundua: wanne walikuwa wachache! Ukuta uliobaki nikiugawa kwa watu saba, hakuna atakayekaribia mpaka. Kemboi akauliza kama nusu ukuta kweli inataka mafundi saba. Nikamwambia haya ni mambo ya kodi, hawezi kuyaelewa. Akasema sawa mzee, ataongea na shangazi.

Nikamsihi asimsahau Bethwel. Kesho asubuhi naenda kununua blanketi tatu.