Vipimo vya Dirisha la Dawa

Jumatatu, 3 Machi
Miaka ishirini na miwili jeshini, kutoka kuruta hadi sajenti. Kisha diploma ya uchambuzi wa takwimu, nimeisomea ukubwani. Na leo Mkuu wa Takwimu hapa hospitalini ananiita mgeni. Mgeni! Miezi mitatu ya majaribio inaisha Ijumaa. Ama nithibitishwe, ama nirudi nyumbani kupanga sufuria kwa ukubwa huku mke wangu akizipangua.

Kazi ya mwisho: madirisha matatu ya dawa yanatosha, au liongezwe la nne? Binti Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, amepima kwa kamera ya ukutani. Anadai wagonjwa wanasubiri dakika arobaini. Kapimia kwenye kiti, akitafuna karanga. Mimi nitapima mstari wa mbele.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshika zamu dirishani tangu saa mbili asubuhi. Buti zinang'aa, saa mkononi, filimbi shingoni. Kila niliyemkazia macho alinyooka. Mama mmoja aliyekuwa akimsimulia mfamasia visa vya mkwewe aliniona, akachukua dawa, akaondoka. Wafamasia hawakwenda chai. Wastani: dakika sita! Nilijua yule binti anapika takwimu.

Jumatano, 5 Machi
Leo dakika tano. Binti Miwani akaniuliza, kwa upole unaoudhi, kama nilipuliza filimbi wakati wa kupima. Nikamjibu kuwa filimbi haimo kwenye jedwali. Akasema hilo ndilo tatizo. Wivu tu.

Nimependekeza hata dirisha la tatu lifungwe. Mkuu aliguna, akasema tujaribu kesho, nami nibaki ofisini kuandaa maelezo ya bodi.

Alhamisi, 6 Machi
Hujuma! Dirisha limefungwa saa mbili. Kufika saa nne foleni imeipita maabara, imekata kona, imetokea kwenye maegesho. Chai wamekunywa, visa vya wakwe vimesimuliwa vyote. Mzee mmoja mwenye mkongojo alichoka kusimama akakaa sakafuni, mbele ya mlango wa ofisi yetu. Hapo roho iliniuma, sikatai. Nikampa kiti changu.

Mkuu akaja amefura. Nikamweleza kuwa jedwali langu halina kosa, wagonjwa wa leo ndio waliokosea. Nikaomba ruhusa ya kwenda kuwanyoosha. Akaniambia nikithubutu kutoka ofisini, nisirudi.

Ijumaa, 7 Machi
Sijathibitishwa. Bodi imesomewa takwimu za karanga, na dirisha la nne linafunguliwa. Nimeongezewa mwezi mmoja tu, tena kwa sababu Binti Miwani alinitetea. Nani alimtuma? Eti nina bidii, ila sijui kwamba mtu akitazamwa hubadilika. Nusura nimshukuru, nikajizuia.

Sharti la Mkuu: Jumatatu wafanyakazi wote kumi na wanne wa kitengo wajaze fomu, bila kuandika majina, waseme kwa uhuru kama wanataka nibaki. Ananidharau! Sawa. Safari hii sibahatishi. Nitawapanga mistari miwili ukumbini, na nitasimama nyuma ya kila mmoja mpaka amalize kujaza.