Ombi la Tozo kwa Mama Mkwe Anayefunua Ndizi

Kwa Mheshimiwa Mbunge wetu,

Shikamoo. Najua nimekuzidi umri, lakini leo mwenye shida ni mimi. Niliishia darasa la nne, basi mistari ikipinda na wewe pinda shingo kidogo.

Nimesikia redioni kwamba Bunge linaweza kutunga sheria, watu wakatozwa ada, na ada hiyo ikajenga nyumba za bei nafuu. Naomba na huku Chonyonyo. Mwanangu Dastan na mkewe Kemirembe wanakaa kwangu, chumba cha pili, ukuta haufiki kwenye bati. Sasa mke amerudi kwao Bweranyange. Amesema haji tena mpaka awe na jiko lake, na kibarua cha Dastan cha kuchuma kahawa hakijengi hata choo.

Vya kutoza vipo. Nimevichunguza humu humu ndani:

1. Mama mkwe anayekohoa ili chumba cha pili wanyamaze. Mimi nakohoa sana, na kifua changu ni kizima.

2. Anayeuliza kila mwezi, "Bado tu?" Huyu atozwe mara mbili, maana huwa nauliza huku nimemshika binti wa watu tumbo.

3. Anayefagia tena palipofagiwa.

4. Anayefunua ndizi za mwenzake. Hapa sheria iwe kali kabisa. Wazazi wa Kemirembe walikuja kututembelea. Binti alizifunika ndizi kwa majani ya mgomba, akazibana vizuri. Nikafunua nione chumvi. Nikafunua tena nione kama nimefunika sawasawa. Mvuke wote ukaishia usoni kwangu. Wageni walitafuna kwa heshima mpaka baba yake akauliza, "Mama Dastan, hizi zimepikwa au zimeoshwa?" Kemirembe alikunja kanga zake, akaondoka nao.

Tangu siku hiyo Dastan anapita jikoni kama mpangaji, chakula hagusi. Mimi nafagia tu.

Mheshimiwa, sheria ikipita, mimi peke yangu nitajenga kitongoji kizima. Ipitisheni upesi kabla sijaacha tabia.

Nisalimie mkeo na watoto. Mama yako naye msalimie, umwambie asiguse majani.

Ni mimi niliyekosa, na bado namtaka mkwe wangu,
Speciose, Mama Dastan,
Chonyonyo, Karagwe.

N.B. Nyumba yao isiwe mbali na kwangu, na jiko litazame huku. Funguo ziwe tatu.