Jinsi Nilivyomkatia Shemeji Mtandao

Jumapili, 8 Machi
Nimempata! Shemeji, mdogo wa mke wangu, alikuja kwetu kwa wiki moja. Huu ni mwezi wa tatu tangu aje, na kochi limeshachukua umbo lake. Usiku kucha anatazama mpira kwa mtandao ninaoulipia mimi. (Haya, anaoulipia mke wangu, tangu kazi yangu iote mbawa.) Alhamisi saa nne asubuhi nina usaili kwa video: usimamizi wa bohari. Nahitaji mtandao mzima, si makombo ya shemeji.

Nimeingia kwenye mipangilio ya ruta. Kuna mahali pa kuifunga kwa saa. Nikaandika 4 hadi 11, yaani saa nne usiku hadi kumi na moja alfajiri. Simu yake sikuitambua, nikachagua vifaa vyote. Usiku mimi nalala, sina hasara. Mjanja ni mimi!

Jumatatu, 9 Machi
Ajabu. Shemeji kacheka na mpira wake hadi alfajiri, na asubuhi mtandao hakuna! Umerudi saa tano. Nimezunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimeizima ruta, nimeiwasha, nimeipandisha kabatini, nimeishusha. Mke wangu kauliza kama ina homa. Kuna mwizi.

Jumanne, 10 Machi
Asubuhi tena patupu. Mwizi nimemjua: kinyozi wa ukuta wa pili. Wateja wake wote wameinamia simu. Mtandao uliporudi nikaingia kwenye ruta, nikakuta kifaa kisicho na jina. Nikakizuia. Nikasimama mlangoni nimsikie akilalamika. Akanipungia mkono, akasema nipite aninyoe kwa ajili ya usaili, bure. Unafiki!

Jioni mke wangu karudi kutoka kibanda chake cha uani, kunakofika mtandao wetu, amevimba. Simu yake haikushika mtandao mchana kutwa, na wateja wake wa mashuka wamekwenda kwa mwingine. Kile kifaa kilikuwa chake. Nimekifungulia. Nimesingizia hali ya hewa.

Jumatano, 11 Machi
Shemeji kajitolea kuiangalia ruta. Nimekataa. Fisi akabidhiwe bucha? Mke wangu kasema, kwa upole ulioniuma kuliko makelele, kwamba amechoka kuibeba nyumba peke yake, kesho nisiharibu. Nampenda mwanamke huyu. Siwezi kutulia kitini.

Alhamisi, 12 Machi
Shati, tai, chini bukta. Saa nne. Mtandao kimya! Shemeji kaamka, kasema nitumie bando lake. Mtego huo! Nikakataa. Nilipokubali, bando lenyewe lilikuwa limebaki tone. Nyuso tatu zikatokea, nikasema habari za asubuhi, zikapotea.

Wameandika: Jumatatu saa nne ileile, nafasi ya mwisho. Mke wangu kalichukua shati langu, kalipiga pasi upya. Afadhali angenifokea.

Ijumaa, 13 Machi
Shemeji kafungua ruta mbele ya dada yake. Akaona 4 hadi 11. Akaeleza taratibu kwamba mashine haihesabu saa kama sisi. Inaanzia saa sita usiku, inakwenda moja kwa moja hadi 23. Kwa hiyo imekuwa ikifunga saa kumi alfajiri na kufungua saa tano asubuhi. Saa nne ya asubuhi mashine huiita 10, ya usiku 22.

Mke wangu akauliza nani aliandika. Nikatazama dari. Shemeji akasema huenda ruta ilijiandikia yenyewe, akafuta. Nimeona haya, kwa kweli.

Jumapili, 15 Machi
Haya zimeisha. Jana kacheka tena hadi majogoo, na kesho ndiyo kesho. Nahitaji usingizi. Nimerudi kwenye ruta, safari hii kisomi. Saa nne ni 10, hilo nimelishika. Ile 22 ni mbwembwe za shemeji. Tangu lini saa ikawa na namba hiyo? Alfajiri ni 5. Nikaandika funga 10, fungua 5, vifaa vyote.

Ilikuwa saa nne usiku imepita kidogo. Nilipobonyeza tu, kochi likanyamaza. Inafanya kazi! Shemeji kamalizia mpira kwa bando lake, likaisha lote. Shauri yake.

Nimemwambia mke wangu kesho asiende kazini mapema. Akae kando yangu saa nne kamili, aone mumewe alivyo.